Faili Lililovishwa Vyeo

Haya si ya zamani, wala si ya kale. Yalitokea juzijuzi tu, baada ya chai ya saa nne, katika nchi ambayo sitaitaja. Usidhani naogopa. Jina rasmi la nchi hiyo, pamoja na sifa zake, lingemaliza karatasi kabla hadithi haijaanza, na kulikatiza katikati ni kosa la jinai.

Nchi hiyo inaheshimu watu. Mtu akijaliwa cheo hakivui tena, hata kuoga anaoga nacho. Mstaafu huitwa Mstaafu, Mteule huitwa Mteule, na aliyewahi kushikilia kiti cha mtu aliyekwenda kung'oa jino ng'ambo huitwa Kaimu wa Zamani mpaka siku anayofukiwa. Cheo kikitajwa hadharani, waliopo hupiga makofi. Hupiga makofi harusini, sokoni, hata kwenye foleni ya maji diwani akipita na vioo vya gari vimepandishwa. Mgeni anayeshuka kwenye ndege kwa mara ya kwanza hudhani watu wa huko wanaua mbu.

Ni desturi nzuri na mimi sina neno nayo. Nataka kueleza tu jinsi ilivyoingia kwenye kompyuta.

*

Katika Wizara ya Afya, Mifumo na Mapokezi kulikuwa na faili moja la jedwali. Lilizaliwa maskini, kama wengi wetu, likaitwa "Watoto Wanaosubiri Upasuaji wa Moyo". Ndani yake mlikuwa na jina la mtoto, umri wake, simu ya mzazi, na zamu. Hospitali kuu haikumpasua mtoto yeyote bila kwanza wizara kufungua faili na kusoma zamu. Utaratibu huo uliwekwa ili kukomesha upendeleo, na kweli upendeleo ulikoma. Baadaye upasuaji nao ulikoma, lakini tusiende mbio.

Siku faili lilipozinduliwa, katibu muhtasi wa wizara, Bi Asteria, aliona si adabu liitwe kwa jina la wagonjwa watupu. Akaongeza mbele yake jina la Mkurugenzi wa Mifumo, Ndugu Injinia Sadala. Katibu Mkuu alipoliona akauliza kama yeye ni mpangaji katika jengo lile. Akaandikwa, juu ya Sadala. Waziri hakuuliza kitu, alipita tu nyuma ya kiti cha Asteria akikohoa, naye akaandikwa juu ya Katibu Mkuu. Na juu ya wote yakawekwa maneno "Kwa Maono ya Mtukufu Kiongozi Mkuu", ambaye hajui kama faili lipo, lakini hakuna aliyetaka siku ya kujua akute hayumo.

Kuanzia hapo kila aliyepanda alilirefusha. Hakuna aliyelifupisha, kwa kuwa katika nchi hiyo watu hawashushwi. Aliyeharibu hupelekwa ubalozini, na akirudi huongezewa neno "Balozi".

Waziri mwenyewe ndiye aliyeharibu kuliko wote, kwa hiyo aliitwa Mheshimiwa Daktari wa Heshima Balozi Mstaafu Dionisi Makorongo. Miezi michache kabla ya masika, chuo kimoja cha nchi jirani kikaamua kumtunuku udaktari wa pili. Alikwenda Jumamosi kwa ndege, akavishwa joho, akala, akarudi Jumapili. Jumatatu asubuhi Asteria akaandika "Daktari" ya pili mbele ya ile ya kwanza, akabofya, akasubiri. Kioo kikatoa maneno haya, kwa Kiswahili safi kisicho na ugomvi na mtu:

"Faili halifunguki. Jina ni refu kupita kiasi. Fupisha jina, kisha jaribu tena."

Tuisamehe kompyuta. Ilikuwa ngeni nchini, haikujua inamwambia nani.

*

Nyuma ya ukuta wa wizara kulikuwa na kibanda cha bati ambamo mwanamke aitwaye Mboni alisuka nywele. Alikuwa na binti mmoja wa miaka saba, Semeni, ambaye moyo wake ulizaliwa na tundu. Akicheka sana, midomo yake iligeuka rangi ya zambarau zilizoiva. Mama yake alijifunza kusimulia vichekesho vyake kwa vituo, nusu leo, nusu kesho.

Dakta Nyamizi wa hospitali kuu alikuwa ameweka sikio kwenye kifua hicho mara nyingi. Alimwambia Mboni, "Tundu linazibika, mama. Nimeziba makubwa kuliko hili. Ila tusivuke naye masika. Baridi na kifua hiki havitapatana." Na kwa bahati, zamu ya Semeni ilikuwa imefika. Mtoto aliyekuwa mbele yake alikwisha kupasuliwa, akapona, akavunja dirisha la jirani kwa mpira. Kwenye faili, wa kwanza sasa alikuwa Semeni.

Ndiyo maana Asteria alipokuja kusukwa Jumatano ile, Mboni hakuanza na salamu.

"Limefunguka?"

"Bado, shoga. Taratibu basi, hicho ni kichwa, si mkeka."

"Vumilia. Unataka kupendeza bure? Linasema nini?"

"Linasema jina refu."

"Si mlifupishe?"

Asteria akageuka, nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama kama ufagio. "Mama Semeni, umenuia nifukuzwe kazi? Nimfupishe nani? Nikimkata Sadala, huyo kesho ananikata mshahara. Nikimkata Katibu Mkuu, nahamishiwa mpakani. Na Waziri ndiyo kwanza udaktari una siku nne, hata joho halijafuliwa."

"Mmoja tu, Asteria. Ana madaktari wawili na wote hawajawahi kumtibu mtu."

"Mwaya, usiseme hivyo, ukuta wenyewe wa bati."

Semeni alikuwa ameketi juu ya kreti la soda, akimsuka mwanasesere wake. "Mama," akasema, "labda faili limesusa."

"Limesusia nini?"

"Limeitwa majina mengi, halijui lipi lake." Akavuta pumzi, akapumzika, akaendelea. "Mimi nina cheo gani?"

"Wewe huna cheo. Wewe ni Semeni tu."

"Basi mimi jina langu fupi," akasema kwa furaha. "Kompyuta haiwezi kunikataa."

Asteria akacheka mpaka machozi. Mboni akavuta ukindu wa nywele kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

*

Wapo wanaosema wizara haikufanya kitu. Huo ni uzushi. Wizara ilifanya kila kitu isipokuwa kimoja.

Mkurugenzi Sadala aliagiza kompyuta izimwe na iwashwe. Ikazimwa, ikawashwa, ikarudia maneno yake. Akaagiza faili lihamishiwe kwenye kompyuta nyingine. Hiyo nayo ikasema vilevile, neno kwa neno, jambo lililozua mashaka, maana kompyuta mbili zilizokaa vyumba tofauti zingewezaje kusema kitu kimoja kama hazikukutana? Kijana mmoja wa usalama akakabidhiwa suala hilo.

Kisha mtu akasema huenda ni kirusi. Kompyuta ikatengwa katika chumba chake peke yake, na wote walioigusa wakapewa barakoa. Mtu mwingine akashauri iwashwe katika hali salama. Waziri akauliza kwa mshangao kwani siku zote ilikuwa katika hali gani, akaweka askari wawili mlangoni. Faili halikufunguka, lakini pia halikuibwa.

Ndipo ikaundwa Kamati ya Kitaifa ya Kuchunguza Ni Jina la Nani. Kompyuta ilisema jina ni refu bila kutaja la nani, na kamati ikaona hapo ndipo penye kiini cha tatizo. Ilikwenda kukaa, pamoja na nakala ya faili na Asteria wa kuandika kumbukumbu, kwenye hoteli moja ya milimani yenye ukungu na supu nzuri. Kila mjumbe alithibitisha kwa ushahidi kwamba jina refu ni la mwenzake. Sadala alileta rula.

Siku kamati ilipotoa taarifa ya awali, Waziri aliita waandishi wa habari. Alisimama nyuma ya maua ya plastiki, akasubiri vyeo vyake visomwe na makofi yaishe, akasema:

"Ndugu wananchi. Kuna maneno yanazagaa kwamba faili letu halifunguki. Napenda kuwatoa hofu. Faili lipo, ni zima, na limefungika kuliko faili lolote katika ukanda huu. Majirani zetu mafaili yao yanafunguka ovyoovyo, mtu yeyote anaingia, anasoma, anatoka. La kwetu hata mimi mwenye dhamana siwezi kulifungua. Ndugu zangu, usalama wa taarifa ni upi kama si huo?"

Makofi.

"Kompyuta inatuamuru tufupishe jina. Nauliza, kompyuta hii imesoma wapi? Imetumwa na nani? Leo itasema jina la faili ni refu, kesho itasema hotuba ni ndefu, keshokutwa itasema muda wa uongozi ni mrefu. Tukiiachia tutafika wapi? Kwa hiyo natamka. Jina halitafupishwa. Kompyuta ndiyo itakayorefushwa."

Makofi marefu. Mwandishi mmoja, aliyekuwa mgeni kazini, akauliza kuhusu watoto. Waziri akajibu kwa upole kwamba watoto ni taifa la kesho, hivyo kwa leo wavute subira.

*

Dakta Nyamizi hakwenda kwenye mkutano huo, alikuwa anaosha mikono. Aliita wauguzi wake, akachukua boksi la glavu lililokwisha, akaligeuza upande mweupe, akaandika kwa kalamu ya wino: "Wa kwanza, Semeni wa Mboni." Akampigia simu Sadala kumjulisha kwamba Alhamisi anampasua.

"Umemtoa wapi huyo mtoto?" Sadala akauliza.

"Nimemtoa kichwani, Mkurugenzi. Wewe unamjua ni wa kwanza. Mimi namjua. Mama yake anamjua. Mwenye kukaanga mihogo getini anamjua."

"Daktari, kumjua ni jambo moja, kumsoma kwenye faili ni jambo jingine. Hiyo unayoianzisha inaitwa orodha sambamba."

"Inaitwa boksi la glavu."

"Leo boksi la glavu, kesho serikali ya boksi la glavu."

Alhamisi hiyo Dakta Nyamizi alipandishwa cheo. Alifanywa Mratibu Mkuu wa Wiki ya Kunawa Mikono katika wilaya isiyo na hospitali wala maji. Boksi lilichukuliwa kuwa kielelezo. Wauguzi walipiga makofi, maana kilikuwa cheo.

*

Mara moja kila mwezi Waziri huwa na Siku ya Kusikiliza Kero. Wananchi huketi kwenye viti vya plastiki chini ya turubai, naye huketi kwenye kiti cha kitambaa chini ya feni. Mboni alikwenda na Semeni mgongoni, ingawa mtoto wa miaka saba habebwi, kwa sababu kutoka kibandani hadi turubaini palikuwa mbali kwa moyo wenye tundu.

Afisa mezani akamuuliza jina, kisha cheo.

"Msusi," Mboni akasema.

Afisa akaandika "Hana".

Zamu yake ilipofika alipiga goti. "Shikamoo, Mheshimiwa."

"Marahaba, mama yangu. Sema usiogope. Serikali yako ina masikio."

"Mheshimiwa, mwanangu ni wa kwanza kwenye faili. Faili lilikuwa likifunguka mpaka Ijumaa. Jumapili ukarudi na udaktari wa pili, Jumatatu likagoma. Naomba uuvue mmoja. Si lazima ule mzuri. Hata ule usioupenda sana."

Chini ya turubai watu wakaanza kukagua viatu vyao.

"Mama, unajua udaktari huo niliupataje?"

"Nimesikia ulikwenda Jumamosi."

Mahali fulani nyuma mtu akakigeuza kicheko kuwa kikohozi. Waziri hakukasirika. Nalisema hili kwa mkazo kwa kuwa wapo wanaomsingizia. Alimvuta Semeni karibu, akamshika shavu, picha ikapigwa.

"Binti, unaitwa nani?"

"Semeni."

"Semeni nani?"

"Semeni tu."

"Safi. Na ukikua unataka kuwa nani?"

Semeni alivuta pumzi, akaisubiri ifike. "Nataka kukua kwanza."

"Ana akili huyu!" Waziri akawaambia wasaidizi wake, nao wakaandika. Kisha akamgeukia Mboni kwa sauti ya baba. "Mama, cheo si shati. Mimi nikivua changu leo, kesho Katibu Mkuu atataka kuvuliwa chake, na keshokutwa watakuja kukuvua wewe umama. Utapenda?"

Mboni akamvuta mwanawe kwake.

"Haya. Omba radhi, yaishe."

Akaomba radhi kwa kutaja vyeo vyote, akautanguliza Ubalozi mbele ya Udaktari, akarudishwa mwanzo, akaomba upya. Makofi yakapigwa. Semeni naye alipiga, kwa vidole vyenye kucha za buluu.

*

Masika yalianza kwa mvua ya usiku na mchana, ile ya kuozesha mbao. Kamati ilikuwa imekwama milimani kwa sababu ya utelezi, na supu ilikuwa ikiendelea vizuri.

Semeni alikohoa siku ya kwanza, akakohoa siku ya pili. Mboni alimpeleka hospitali kuu, akapokewa vizuri, akapewa kitanda karibu na dirisha. Wauguzi walimzunguka na blanketi na mtungi wa hewa. Chumba cha upasuaji kilikuwa kulekule mwisho wa korido, kimepigwa deki, taa zake zinawaka. Mboni alikiona kila alipokwenda kuchota maji ya moto. Alihesabu milango iliyokuwa katikati ya mwanawe na chumba hicho, akakuta hakuna hata mmoja uliokuwa na kufuli.

"Mama," Semeni alimwambia, "nimalizie kile kichekesho cha juzi."

Mboni akammalizia. Semeni akacheka, mpaka mwisho wake.

Alizikwa mvua ikinyesha. Jina lake liliandikwa kwenye kibao cha mti, likaenea, na nafasi ikabaki.

Wizara haikuwa na taarifa, na si haki kuilaumu. Taarifa za watoto zilikuwa kwenye faili.

*

Huko milimani kamati ilikuwa imepata ufumbuzi, na wote waliokuwepo wanakubali ulikuwa wa busara kubwa. Walilisoma jina la faili neno kwa neno, wakatafuta ni neno gani lisilo la mtu, neno ambalo likiondolewa hakuna atakayeona haya mbele ya wakwe zake. Walipita kwa Mtukufu, wakapita kwa Waziri na madaktari wake, wakapita kwa Katibu Mkuu na kwa Sadala. Huko mwisho kabisa, kwenye mkia, wakakuta maneno ambayo hakuna mjumbe aliyeyadai: "Watoto Wanaosubiri Upasuaji wa Moyo".

Wakayakata. Wakabofya. Faili likafunguka.

Wazee wazima walikumbatiana. Sadala alilia. Kukatangazwa sherehe ya kitaifa katika Ukumbi wa Adhimisho, na ndipo likazuka jambo dogo. Faili lilikuwa wazi mbele yao, lina majina, umri, simu na zamu, lakini hakuna tena mahali liliposema ni la nini.

Asteria ndiye aliyenisimulia, na mimi nasimulia jinsi alivyofika kibandani kwa Mboni siku mbili kabla ya sherehe. Alikuwa na tope la milimani kwenye viatu na mkoba umejaa bahasha za dhahabu.

"Shoga! Wiki zote hizi tumefungiwa na mvua, hata simu hazishiki. Kaa kwanza nikupe habari. Faili limefunguka!"

Mboni alikuwa anafagia nywele za wateja. Akaendelea kufagia.

"Sasa sikia. Mimi nilisema, jamani hao ni wagonjwa. Sadala akasema faili halina tena neno upasuaji, nani atabeba dhamana ya kumpasua mtu? Wakabishana, wakaamua ni orodha ya wageni waalikwa wa sherehe. Zamu ndiyo kiti. Umri ndiyo saizi ya fulana. Nikanyamaza, unajua kwa nini? Semeni ni wa kwanza. Kiti chake kiko mstari wa mbele, uso kwa uso na Waziri! Mvalishe vizuri. Akimwona pale anavyohema, hawezi kukataa. Mimi nimelipanga hilo kichwani, mwaya, nimelipanga." Akatoa bahasha na fulana ndogo nyeupe iliyochapwa uso wa Waziri. "Yuko wapi?"

Mboni alipokea fulana, akaikunja, akaiweka juu ya kreti la soda. Kreti lilikuwa tupu.

"Kaa nikusuke," akasema.

Asteria akakaa. Alikuwa ametaka mtindo wa kupandisha, wa sherehe, wenye shanga. Mboni alimsuka mistari minene ya kurudi nyuma, harakaharaka, bila shanga wala pambo. Alipomaliza akampa kioo. Kila mwanamke wa nchi hiyo anaujua mtindo ule. Unaitwa twende kilioni, na hausukwi mpaka kuna msiba.

Asteria aliitazama sura yake kwa muda mrefu. Kisha akalitazama kreti.



*

Ukumbi ulijaa. Kila mtu alikuwa na soda mbili. Faili lilikuwa limerushwa ukutani kwa mwanga, kubwa kama nyumba, na chini yake Asteria ameketi kwenye kompyuta, kichwa chake kikiwa kama tulivyokiacha. Mke wa Katibu Mkuu alimnong'oneza jirani yake kwamba wafanyakazi wa siku hizi hawajui kujipamba.

Vyeo vikasomwa, makofi yakapigwa. Waziri akahutubia, akasema kwamba nchi zilizoendelea sasa zinatuma wataalamu kuja kujifunza namna ya kufungua faili bila kumvunjia mtu heshima. Kisha Sadala akashika kipaza sauti ili awatambulishe wageni waalikwa, kama walivyo kwenye jedwali.

"Itifaki imezingatiwa. Mgeni wetu wa kwanza, kiti cha kwanza, ndugu yetu Semeni! Semeni asimame atupungie!"

Katika kiti cha kwanza fulana ndogo ilikuwa imetandazwa, imepigwa pasi. Katika kiti cha pembeni yake alisimama Mboni.

"Wewe ndiye Semeni?"

"Mimi ni mama yake. Mkurugenzi, jina la mwanangu mmelisoma pungufu."

Minong'ono ikapita. Hakuna tuhuma nzito kuliko hiyo katika nchi ile. Sadala akatazama ukutani, akatazama karatasi yake. "Imeandikwa Semeni tu, mama."

"Zamani alikuwa Semeni tu. Mkiwa milimani amepata cheo. Najua sheria, cheo hakirukwi."

"Bila shaka, mama, samahani sana," Sadala akasema, na kwa kweli aliona aibu. "Cheo gani, tukiingize?"

"Marehemu."

Asteria hakungoja kuagizwa. Vidole vyake vilipita kwenye vibonye, na pale ukutani, mbele ya jina fupi kuliko yote, neno likatokea herufi kwa herufi, kila moja urefu wa mlango.

Na hapo, kwa mazoea tu, kwa sababu cheo kilikuwa kimetajwa na mikono yake ilikuwa imefundishwa hivyo tangu ujana, Waziri akapiga makofi. Waliokaa nyuma yake wakamwona, wakapiga. Ukumbi mzima ukapiga.

"Asante," Sadala akasema, akifuta jasho. "Kabla hatujaendelea, kuna mgeni mwingine ambaye cheo chake kimerukwa?"

Kwenye kiti cha tatu akasimama baba mmoja. Kwenye cha sita akasimama mama. Kisha mstari wa pili, kisha wa tatu, wakawa wanasimama mmoja mmoja, wakitaja jina, wakitaja cheo, na Asteria anaandika. Makofi hayakupata pa kukatikia. Viganja viliwauma, wengine vikawavimba, lakini hakuna aliyethubutu kuacha, kwa kuwa vyeo vilikuwa bado vinatajwa.